Wote Wameshalawa?

Jumatatu, 3 Juni

Ukungu tangu asubuhi. Mti wa plamu pale uani umebaki shina tu, matawi yamemezwa. Vidole vimekufa ganzi, cherehani nimeiacha. Maharage nimechelewa kuyabandika kwa sababu Mama hajamaliza kuyachambua.

Anavyochambua sasa. Anachukua punje, anailowesha kwa ncha ya ulimi, anaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, halafu kulia au kushoto. Punje kwa punje. Nimemkataza mpaka nimechoka. Nyumba hii tunakula maharage yaliyokwisha kulambwa, na hakuna aliyekufa.

Mchana akauliza swali lake: "Wote wameshalawa?" Kulawa ni kutoka. Siku hizi anachanganya Kishambaa na Kiswahili kama makande. Nikamjibu ukweli, bado Mama, wapo ndani. Wajukuu zangu, Neema na Baraka, wako likizo, na kwa baridi hii hawabanduki jikoni. Akaisukuma sahani. Hakuigusa tena.

Jumatano, 5 Juni

Jana hakula. Leo asubuhi uji kidogo, mchana hapana. Swali lile lile, nami jibu lile lile: wapo ndani, wanaota moto. Akanitazama kwa hofu, macho yamemtoka. Halafu akaniita nyapara. Nyapara wa nini, na mimi fundi cherehani?

Mpaka mwezi wa tano alikuwa anakula vizuri tu. Shule zilipofungwa, basi. Nadhani ni baridi. Nimemwongezea sweta.

Nilikasirika, nikaenda kukata majani ya mbuzi ili nisiseme neno baya.

Jumapili, 9 Juni

Amekula.

Nilipotoka kanisani nilipika wali. Watoto wakagombania ukoko, nikaukwangua kwa kijiko cha chuma mpaka sufuria ikapiga kelele nyumba nzima. Mama alikuwa amekaa mbele ya sahani, mikono mapajani. Akashusha pumzi ndefu. Akala, akaomba tena. Kumbe bibi anataka wali. Anadeka.

Alasiri akawa na maneno. Alizungumza habari za Kweshaba kana kwamba ipo hapo kona ya pili. Nyumba za safu, zimepakwa chokaa. Duka la Mwarabu lenye kengele mlangoni. Taa za kabaidi njia nzima, ukungu ukishuka kila taa inakuwa na kilemba. Kijito chenye maji ya kijani, na wanawake wanaofua hapo, nguo zao nyeupe hazirudi tena kuwa nyeupe. Nilikuwa nashona huku nasikiliza, nikajikuta nimesimamisha mguu.

Kweshaba ni huko juu, ndani ya msitu wa Magamba. Palikuwa na mgodi wa shaba zamani, Mama akiwa msichana. Hakai mtu huko sasa. Maisha yangu yote naishi chini yake na sijawahi kukanyaga. Tulipokuwa wadogo tuliambiwa msitu umeshapameza, tusiende, na sisi hatukuwa watoto wa kuuliza mara mbili.

Jumatano, 12 Juni

Nimepika wali tena, makusudi. Nimetumia sufuria mpya aliyoniletea binti yangu kutoka Arusha, ile isiyoshika hata punje. Wali umetoka kama theluji. Mama akauliza swali lake, nikamjibu. Hakula.

Nikatia nazi. Hakula. Nikamlisha kama mtoto, akafumba mdomo. Nikalia jikoni, watoto wakaniona, shauri yao.

Jioni nimepunguza gauni lake la kanisani pande zote mbili. Mara ya pili tangu shule zifungwe. Fundi anayempunguzia mama yake nguo hahitaji mizani.

Ijumaa, 14 Juni

Zahanati. Kifua safi, homa hana. Mganga alinivuta pembeni, akaniambia kwa upole kwamba mzee asipokula hamalizi msimu huu wa baridi. Nilijua. Lakini kulijua jambo na kuambiwa ni vitu viwili.

Kaka Zefania alipanda kutoka Lushoto mjini kumwona. Zefania ni mzee wa kanisa, mtu wa ndiyo-ndiyo, siyo-siyo. Akikuambia gauni limekupendeza, limekupendeza. Mama alimshika mkono akamwuliza, "Hoza yuko wapi?"

Hoza ni mjomba wetu, kaka yake Mama. Sisi tuliambiwa alikwenda Tanga kwenye mkonge, akapotelea huko. Nikangoja Zefania ajibu hivyo. Alikunywa chai yangu bila kutia sukari, na yeye bila vijiko vitatu hanywi. Alipokuwa anaaga ndipo akasema niende Kwai nikamwulize Bibi Mwanaidi, rafiki wa Mama tangu usichana, kwa sababu yeye Zefania alikatazwa na Mama kusimulia na neno la mama halivunjwi.

Yaani miaka yote hii kuna neno, na wamelifungia ndani mimi nikiwa nje.

Jumamosi, 15 Juni

Nimeota Kweshaba. Niko njiani kati ya zile taa. Naona madirisha yana mwanga, na ndani watu wamekaa mezani, sahani zimejaa, hakuna anayekula. Wote wamegeuza sikio upande mmoja, wakingoja. Nami nikasimama nikageuza sikio.

Nimeamka shingo inauma.

Jumanne, 18 Juni

Nimekwenda Kwai. Bodaboda iliniacha kwenye malisho, nikamalizia kwa miguu katikati ya ukungu na harufu ya ng'ombe. Watoto na Mama nimewaacha kwa jirani.

Bibi Mwanaidi amekaa barazani kwa mwanawe, sikio moja halisikii, ulimi hauna ugonjwa wowote. Nikampa shikamoo upande mbovu, nikazunguka nikampa tena upande mzima. Kabla ya marahaba akaniuliza kama Nakiete bado ana ulimi wa kijani. Nakiete ni Mama. Sikuelewa, akacheka mpaka akakohoa.

Ndipo akanieleza kazi yao. Wanaume waliingia shimoni, wanawake walikaa nje kwenye meza ndefu wakichambua mawe. Jiwe kavu halisemi kitu, ni kijivu tu. Ukililowesha, kama lina shaba, kijani chake kinatokea. Maji ya kijito yalikuwa baridi ya kukata vidole, basi wasichana walikuwa wanalamba. Jioni wanatoleana ndimi kuona nani amefanya kazi zaidi. Mama alikuwa wa kwanza siku zote. Tabia hiyo anayo hadi leo, nikamwambia, analamba maharage. Bibi Mwanaidi hakucheka tena.

Juu ya mlango wa mgodi kulikuwa na mti, na kwenye mti kipande cha reli kimening'inizwa. Nyapara ndiye aliyekipiga. Zamu ikiisha wanaume wanatoka mmoja mmoja, naye anapiga pigo moja kwa kila kichwa. Akishahakikisha kwamba wote wametoka, anaburuza chuma juu ya ile reli, krrrr, kama mtu anayekwangua ukoko. Hapo ndipo wanawake wanapakua. Ilikuwa mwiko kula kabla ya ule mkwaruzo. Hata mtoto anyamazishwe na titi, chakula hapana. Utakulaje na mwenzio yuko chini ya mlima?

Nikaikumbuka sufuria yangu ya Jumapili.

Kisha ile siku. Nyapara alipiga mfululizo, maana yake mwamba umeshuka. Wakachimba. Walitoka wote, wengine wamevunjika, pigo moja, pigo moja. Akabaki Hoza. Wakachimba tena, wenye mgodi wakasema basi, mwamba mbovu, watakufa na wengine. Mlango ukazibwa kwa mawe. Shaba yenyewe ilikuwa imeshapungua. Haikupita muda wakafunga kila kitu, wakaondoka, na watu wakashuka na magodoro yao, mmoja Kwai, mmoja Magamba, mmoja Gare. Chuma hakikukwaruzwa. Hakuna aliyethubutu.

Bibi Mwanaidi alisema: "Ile zamu haijafungwa, mwanangu. Sisi tulikuja kula huku chini kwa sababu ya watoto, lakini Nakiete alikula kwa aibu."

Nimerudi kwa miguu zaidi ya nilivyohitaji. Kila mchana anauliza kama wametoka. Na mimi, kwa mdomo wangu, wapo ndani. Wapo ndani, wanaota moto. Mwezi wa tano watoto walikuwa shule, nikawa namjibu wameshatoka, naye anakula. Likizo ikaja. Nimemnyima mama yangu chakula kwa kusema kweli.

Jumatano, 19 Juni

Leo nilipika ugali kwenye sufuria ya zamani. Nikakwangua ukoko karibu naye. Krrrr. Akageuka. Akauliza, "Wote wameshalawa?" Nikasema wote, Mama, wote wameshatoka.

Akachukua tonge. Akala moja, la pili. La tatu likasimama njiani.

"Na Hoza?"

Angeuliza mwezi wa tano labda ningesema chochote. Lakini majibu yangu ya siku zote hizi yamemrudisha kwenye ile siku yenyewe, na sasa anahesabu majina. Alilirudisha tonge sahanini, akalifunika kwa sahani nyingine ili lisipoe.

Alhamisi, 20 Juni

Nimegombana na Zefania, nimemfuata hadi kwake. Nilitaka aje amwambie Mama kwamba Hoza ametoka. Yeye ndiye mwanamume, ndiye mkubwa, alizaliwa Kweshaba hukohuko, Mama atamwamini. Basi. Neno moja.

Akakataa. Hoza hajatoka, alisema. Atasimamaje kanisani Jumapili na amemwambia mama yake uongo juu ya marehemu? Nikamwambia uongo wake utamshibisha mama, na kweli yangu ilimshindisha na njaa. Akasema njaa haigeuzi uongo kuwa kweli. Nikamwita jiwe. Jiwe kavu, halisemi kitu. Mkewe alikuwa anasikia, akaondoka, eti kuku hawana maji.

Namchukia leo. Kesho labda nitapunguza.

Ijumaa, 21 Juni

Maji ya uji. Analala mchana. Mikono yake juu ya blanketi inachambua hata akiwa usingizini, kulia, kushoto.

Jumapili, 23 Juni

Zefania amekuja baada ya ibada, suti yake ileile niliyomshonea, kofia mkononi. Hakukaa. Alisimama mlangoni akimtazama Mama.

Akasema hatasema uongo. Lakini amefikiri. Kama Hoza hajatoka, basi kazi si kumdanganya Mama. Kazi ni kwenda kumtoa.

Nikamwuliza tutamtoaje mtu aliye chini ya mlima tangu mimi sijazaliwa. Akasema hajui. Twende na Mama, Mama atajua.

Sijawahi kumwona kaka yangu akisema hajui.

Jumatatu, 24 Juni

Tumekwenda Kweshaba. Naandika nikiwa nimechoka mpaka kwenye kucha.

Bodaboda mbili hadi mwisho wa njia ya magogo. Baada ya hapo ni miguu. Zefania akachuchumaa, nikampandisha Mama mgongoni mwake, nikamfunga kwa kitenge jinsi anavyofungwa mtoto. Mzee wa kanisa mwenye mvi, amembeba mama yake. Sitasahau. Alikuwa akipumzika kila penye gogo, akisema yeye hajachoka, ni viatu. Mimi nilibeba sufuria ya makande kichwani, ya moto bado, imefungwa kwa sweta.

Mbega walikuwa juu yetu, weusi kwa weupe, kimya. Ukungu ulikuwa unapita kati ya miti kama watu wanaokwenda kazini.

Mji hatukuuona tulipoingia. Tulikuwa tumeshafika katikati ndipo nilipojikwaa kwenye kizingiti. Kizingiti tu, nyumba hakuna. Halafu kingine, na kingine, kwa safu. Mkaratusi umeota jikoni kwa mtu. Kwenye ukuta mmoja chokaa bado ipo, na juu yake alama nyeusi ya moshi wa taa. Niliigusa. Nilihisi kama niliwahi kuishi hapo, nikahama, nikasahau kufunga mlango. Kijito kipo. Maji ni masafi, kijani kimebaki kwenye mawe peke yake.

Mama alinyoosha mkono akielekeza. Kushoto. Juu. Hakukosea hata mara moja, yeye asiyejua choo kiko upande gani.

Mlango wa mgodi ni rundo la mawe na magugu. Mti upo, mkubwa. Reli haipo. Wenye vyuma chakavu walishapita, wamechukua hadi misumari. Umebaki mnyororo kidogo unaotoka ndani ya gome, mti umeumeza uliobaki. Nikakata tamaa pale pale. Nikakaa chini na sufuria yangu.

Lakini Mama alitaka kushuka. Tukamfungua. Akakaa mbele ya lile rundo, miguu ameinyoosha, akaanza kazi. Anachukua jiwe, ncha ya ulimi, anageuza kwenye mwanga, kushoto. Jiwe, ulimi, kushoto. Zefania akaniangalia nimzuie. Sikumzuia. Kushoto, kushoto, kushoto. Ukungu ulitufunika, hatukuona tena mti, tulisikia mawe yakigongana tu.

Kisha hakutupa. Alilishika jiwe moja, dogo, la kujaa kiganja. Alilamba tena. Lilikuwa kijani kama jani la mgomba baada ya mvua. Akalipangusa kwa ukaya wake wa kichwani, akalifunga kwenye pindo la khanga yake, mafundo mawili, kama mtu anavyofunga kitu chake.

"Huyu hapa," akasema. "Piga, nyapara."

Alikuwa anamtazama Zefania.

Zefania akavua kofia. Nikajua anapima kama hiki ni kweli au uongo. Alimtazama Mama, akatazama lile fundo. Akanyoosha mkono kwangu. Nilidhani anataka nimshike, kumbe anataka sufuria.

Niliyamwaga makande kwenye mfuniko. Akaishika sufuria kwa mpini, akachukua kijiko cha chuma. Akaita kwa sauti ya kanisani, jina kamili la mjomba, mwana wa fulani, wa ukoo fulani. Akapiga pigo moja. Msitu ukalijibu. Akangoja mpaka liishe.

Halafu akakwangua. Chini ya sufuria, taratibu, kutoka upande huu hadi upande ule. Krrrr. Kaka yangu analia, anakwangua ukoko katikati ya msitu.

Mama akaosha mikono kwa umande wa majani. Akala kwenye mfuniko. Makande yalikuwa yamepoa, hakujali. Alikula mpaka tukaogopa, kisha akamwambia Zefania naye ale, nyapara asiachwe ale peke yake mwisho.

Jumanne, 25 Juni

Mwili wote unauma. Zefania amelala hapa, mgongo umekataa. Mama amekula asubuhi, mchana na jioni. Jiwe liko kwenye pindo, hataki khanga ifuliwe.

Tulipokuwa wawili nilimwuliza Zefania kama amesema uongo jana. Akafikiri sana. Akasema hajui, atamwuliza Mungu wakikutana, lakini lile pigo lilimtoka moyoni. Nikamsamehe lile la Alhamisi. Sikumwambia.

Jumamosi, 29 Juni

Anakula. Bibi Mwanaidi aliletwa na mwanawe. Wametoleana ndimi kama watoto. Wamelizika jiwe uani, chini ya mti wa plamu, wao wawili, kwa mikono, Mwislamu na Mlutheri, kila mmoja akisema yake. Sisi tulikatazwa kusogea.

Jumanne, 2 Julai

Shule zimefunguliwa. Watoto wametoka asubuhi bila kuchana nywele. Ukungu umepanda mapema, mti wa plamu unaonekana wote.

Nimefumua mshono wa gauni la Mama, upande mmoja. Upande wa pili nitangoja kidogo.

Mchana nikapakua. Akatazama mlangoni, akauliza wote wameshalawa. Wote, Mama. Akaitikia kwa kichwa, akaanza kula. Mimi nilikuwa nimesimama na mwiko, kama kawaida yangu, namwangalia anavyotafuna.

Akaniuliza mimi ni nani. Nikamwambia mimi Rahel, mwanao.

Akacheka kidogo. Rahel yuko nje, akasema, amemwona kwa macho yake, ameshalawa zamani. Akanisogezea sahani.

"Na wewe kaa ule."

Nikakaa.